Inchi Ishirini na Nne Kasorobo

Haya ni kweli tupu, na asiyesadiki aje apige hodi ajionee. Ndege imo gerejini, imefunikwa shuka la maua. Palipotiwa chumvi ni pale kwenye friji tu, na chumvi yenyewe aliitia Mzee Mbawa, kwa mkono wake, zamani sana.

Jina hilo la Mbawa hakuzaliwa nalo. Alipewa na mtaa siku ile bawa la kwanza lilipotolewa dirishani kwa sababu mlango ulilikataa. Kabla ya hapo alikuwa fundi wa majokofu. Husimulia, na husimulia kila apatapo mtu mwenye nafasi, kwamba alitengeneza friji la mchinjaji likawa kali hata kivuli cha mchinjaji kikagandia sakafuni, kikabanduliwa kwa maji ya moto. Alipostaafu akachoka kukaa. Akaagiza michoro ya ndege ndogo ya watu wawili, akaazima vitabu, na palipopungua elimu akajaziliza ubishi.

Hakuunda peke yake. Mkewe, aliyeshona sare za shule mpaka vidole vikaota sugu, ndiye aliyevisha mbawa kitambaa. Mtaani wakimwita Bi Pindo. Mdogo wake Bi Pindo, mchomeleaji aitwaye Cheche, ndiye aliyeunga vyuma. Kwa hiyo gerejini palikuwa na mume, mke na shemeji, na juu yao wote kulikuwa na ugomvi mmoja usioisha: nani atapanda kwanza.

Maana kiti cha kushoto kilikuwa cha mwalimu wa urubani, mtu makini, ambaye alikubali kuijaribu ndege kwanza peke yake, kisha kumchukua abiria mmoja. Mmoja tu siku ile, basi.

"Ndege ni yangu," alisema Mzee Mbawa.

"Yako ni mifupa," alisema Bi Pindo. "Ngozi ni yangu. Umewahi kuona mifupa ikiruka?"

Cheche hakutaka kiti. Yeye hata ngazi alipanda akiwa amefumba macho.

Asubuhi ya kulijaribisha tangi la mafuta, bawa la kulia lilikuwa limelazwa juu ya meza mbili, wazi kwa juu, na karibu na shina lake palikuwa na nafasi ya tangi baina ya mbavu mbili. Tangi lenyewe lilikuwa bado vipande: bati moja kubwa lililopindwa kuwa mbele, chini na nyuma, limekatwa na kukunjwa midomo kwenye ncha zote mbili ili lipigwe ribiti, zile pini za kuungia mabati; mabati mawili ya pembeni; kizuizi cha katikati chenye matundu, cha kuzuia mafuta yasikimbie huku na huku; na kifuniko cha juu. Mzee Mbawa alilichukua bati lile kubwa, akalitua kwenye nafasi yake. Halikuingia. Akaligeuza. Halikuingia. Akalipulizia, sijui alidhani litasinyaa.

"Limegoma," alisema Cheche.

Mzee Mbawa akasimama wima, akashika kiuno. Alikuwa na namna yake ya kupekua uso wake mwenyewe kutafuta uongo wa kusema, kama mtu anayepekua mifuko kutafuta ufunguo. Macho juu, macho chini, kisha kicheko kidogo pembeni mwa mdomo. Alikuwa ameupata.

"Nimejua," alisema. "Siku ile nikiwa nimejiinamia humu ndani ya bawa napima, mke wangu yuko mezani anakata, na wewe shemeji uko mlangoni na grainda yako inapiga kelele kama mbuzi wa kuchinjwa. Mimi nikasema, ishirini na nne kasorobo. Grainda ikameza 'kaso', ikamwachia dada yako 'robo'. Akasikia ishirini na nne na robo. Hapo hana kosa, maskini. Ni masikio."

Bi Pindo hakuinua kichwa. Alikuwa akipanga ribiti kwenye kikopo.

"Masikio yangu."

"Umri, mke wangu. Hata mimi goti hili..."

"Una hakika ulisema ishirini na nne kasorobo?"

"Kama ninavyokuona."

"Na ukiwa unadanganya?"

"Kiti ni chako," alisema Mzee Mbawa, kwa ukarimu wa mtu asiyetarajia kutoa. "Na kama ni masikio yako, kiti ni changu, na mdomo ufungwe."

"Cheche, umesikia?"

"Dada, grainda imezimwa," alisema Cheche. "Nimesikia yote."

Bi Pindo akaweka kikopo chini. Shingoni mwake, kama kawaida, ilining'inia futikamba yake ya ushonaji. Akaivua, akapima kwanza nafasi ya bawa, ubavu hadi ubavu.

"Ishirini na nne kasorobo," alisema.

"Si nilisema?"

"Ngoja." Akapima bati, kutoka kunjo hadi kunjo, akamwita mdogo wake aje asome mwenyewe.

"Ishirini na tano kasorobo," alisoma Cheche.

Mzee Mbawa akainama akasoma mwenyewe. Nje mtu alikuwa akiburuta kiti kwenye saruji.

"Haya, baba," alisema Bi Pindo. "Kama nilisikia 'na robo' badala ya 'kasorobo', bati lingezidi nusu inchi. Hili limezidi inchi nzima. Nusu moja tumpe grainda. Nusu nyingine nimeitoa wapi?"

Mzee Mbawa akatazama dari. "Joto," alisema. "Alumini hutanuka."

"Ikatanuka inchi nzima. Na sisi hatukuyeyuka."

"Pengine mkasi uliteleza."

"Sawa. Kifuniko cha juu kilikatwa na nani?"

Mzee Mbawa akautupia jicho mlango. Kifuniko alikikata mwenyewe, Bi Pindo akiwa sokoni na Cheche akiwa kwake amelala. Hapakuwa na grainda wala masikio ya mtu. Alikuwa amekisimamisha nyuma ya mlango, uso ukutani, kama mtoto aliyepewa adhabu. Cheche akaenda kukichukua. Kikapimwa. Nacho kilizidi, inchi moja ileile.

"Lete tepu yako," alisema Bi Pindo.

Tepu ya Mzee Mbawa ilitoka mfukoni polepole. Kulabu yake ya mwanzo ilikuwa imeng'oka pamoja na kipande cha inchi ya kwanza, siku ilipodondoka akakanyaga. Tangu hapo alikuwa akipima kuanzia kwenye alama ya moja, kisha anatoa moja kichwani. Njia nzuri, na mafundi wengi huifanya, ila inadai kitu kimoja tu.

"Hukutoa moja," alisema Bi Pindo.

"Nilikuwa nataka kuitoa."

"Njia ya mwongo ni fupi," alisema Cheche, "lakini bati lake refu."

Bi Pindo alicheka mpaka akashika meza. Mzee Mbawa naye alijaribu kununa, akashindwa; shavu moja lilimsaliti. Lakini alipoligeuza tena lile bati mkononi, kicheko kilimtoka. Hilo lilikuwa bati la mwisho la alumini, na kiti kilikuwa kimeondoka. Sasa ilibaki kujulikana kama kutakuwa na ndege ya kukitia hicho kiti.

"Suruali ikizidi, unapandisha pindo," alisema Bi Pindo.

"Alumini si kitambaa, dada. Ukilikunjua pale lilipokunjwa, linapasuka."

"Nani kasema tulikunjue? Tukate."

Wakainama wote watatu. Mdomo uliokunjwa ulikuwa na upana wa robo tatu ya inchi. Wakikata mdomo wote wa ncha moja, pamoja na robo inchi ya mwili, kunjo la zamani lingeondoka kabisa. Kisha wangekunja mdomo mpya, robo tatu ileile, na katikati zingebaki ishirini na nne kasorobo. Cheche alihesabu kwa vidole, akarudia.

"Robo imepata kazi hatimaye," alisema Mzee Mbawa.

"Wewe shika tochi tu," alisema mkewe.

Alishika tochi. Mistari ilichorwa kwa futikamba, ikapimwa mara ya pili na mtu mwingine, na kila namba ikasemwa kwa sauti na kujibiwa. Mkasi wa bati ukatembea. Ncha iliyokatwa ikapigwa tupa mpaka kidole kikapita bila kukwaruzwa, maana ufa huanzia kwenye mkwaruzo. Matundu mapya ya ribiti yakatobolewa. Kizuizi cha katikati kilijikuta nusu inchi kando, wakakiacha, kwa sababu mafuta hayajui katikati ni wapi. Bati likateremka kwenye nafasi yake likitoa sauti ndogo, kama droo nzuri inapofungwa. Kifuniko nacho, ambacho hakikuwa na midomo, kikapunguzwa inchi yake, kikaacha kuadhibiwa.

Tangi lilipopigwa ribiti na kuzibwa kwa gundi, likaja zamu ya mzee. Kuzuia kitu kisivuje ndiyo kazi aliyoijua bila chumvi. Alifunga matundu, akavika puto kwenye bomba la kutokea mafuta, akajaza pumzi ndani, akapaka povu la sabuni kila kiungo, akatazama akiwa amepiga magoti. Hakuna povu lililochemka. Kesho yake puto lilikuwa bado limesimama kama lilivyoachwa. Bi Pindo alilibonyeza kwa kidole.

"Hapo umefanya kazi," alisema.

"Basi labda kiti..."

"Hapana."

Siku ya kuruka, mwalimu wa urubani aliipeleka ndege juu peke yake, akaizungusha, akaishusha, akasema tangi la kulia halivuji hata tone, kwa nje ni kavu kuliko la gari lake. Kisha akauliza abiria ni nani. Mzee Mbawa mwenyewe ndiye aliyemfungia mkewe mkanda, akamvalisha vile vizibo vikubwa vya masikio, akarudi nyuma na mtungi wa kuzimia moto mkononi.

Jirani mmoja aliyekuja kutazama akamsogelea. "Mzee, ndege umeunda wewe, mbona kapanda mama?"

Mzee Mbawa akaangalia juu, akaangalia chini, na pembeni mwa mdomo kicheko kikaanza kujitokeza. "Unajua," alisema, "mimi nilikuwa nipande. Ila nikaona, kwa heshima ya mama watoto..."

"Toa moja, shemeji," alisema Cheche nyuma yake.

Ndege ilikuwa imefika mwisho wa uwanja, imegeuka, na sasa inakuja. Mzee Mbawa akautua mtungi chini, kwa uangalifu.

"Nilikosea kupima," akamwambia jirani. "Nikamsingizia. Nalipa."