Mke Wangu Yule Mnene

Tangu mjukuu ajue kusema, Bibi Fundi alikuwa mke wake. Utani wa bibi na mjukuu, nani asiyeujua? Ila yule mtoto hakuwa anatania. Mteja akija kupimwa gauni, yeye alipanda mapajani pa bibi, akajikunyata kwenye lile tumbo na kumtolea mgeni macho ya wivu. Na tumbo lilikuwa tumbo kweli: fundi alishona kwa kunyoosha mikono ili aifikie cherehani.

Hilo tumbo ndilo lililompeleka hospitali. Sukari, magoti, pumzi za kuazima. Baba yake mwenyewe aliondoka na maradhi hayo hayo kabla ya kushika mjukuu hata mmoja, naye Bibi Fundi aliapa hatamwacha mumewe mgane akiwa bado na meno ya utotoni. Daktari akampasua, akalipunguza tumbo la chakula kama anayepunguza gauni, likabaki saizi ya ndizi.

Mtoto alikuwa amechukuliwa na mama yake, aliyehamishiwa kazi mji wa mbali. Mwaka mzima Bibi Fundi alimsikia kwenye kisimu chake kisicho na picha.

"Mke wangu, umekula?"

"Nimekula, mume wangu. Vijiko vitatu, nimeshiba."

Simu ikikatika, alilia.

Siku moja ya kupimwa, daktari alimwambia, "Mama, ndani ya chembe za mwili kuna nyuzi, na ncha zake huchakaa tunavyozeeka. Unene huharakisha kuchakaa huko. Zako naona zimepunguza mbio."

"Kama pindo lisilopigwa ovaloki. Linafumuka."

"Hivyo hivyo."

Akarudi nyumbani akitamba kwamba amepigwa ovaloki.

Mtoto alipoletwa, bibi alimngoja mlangoni, mikono wazi. Mtoto akampita. Akachungulia chumbani, akachungulia jikoni, akarudi.

"Mke wangu yuko wapi?"

"Si ndiye huyo!" mama yake akacheka.

"Siye. Mke wangu ni yule mnene."

Wakacheka wote, na bibi akacheka kuwazidi. Kisha akajifungia chumbani. Alimtaka mjukuu wake mapajani, basi. Kwa ajili hiyo alikubali kisu. Mungu amsamehe, alitamani mafuta yake yote yarudi, walau mchana mmoja.

Nguo zote alikwisha kuzipunguza, isipokuwa gauni moja la maua ambalo mtoto alizoea kulilalia. Akalivaa, akatoka, akaketi. Lilimpwaya vibaya. Mtoto akalitazama, akasogea, akalinusa. Halafu akainua pindo, akaingia ndani, akapanda, kichwa kikachomoza shingoni kando ya kidevu cha bibi. Kumbe mlikuwa na nafasi ya watu wawili.

Bibi hakuthubutu kujitikisa. Usingizi ulipoanza kumchukua, mtoto akamnong'oneza, "Mke wangu akirudi, usimwambie."

"Sitamwambia," akasema bibi, akamshika vizuri asianguke.