Siku Zisizohesabiwa

Mdogo wangu Paskalia alishuka kwenye bajaji mlangoni kwangu, Ngokolo, siku ya Alhamisi, mkononi ameshika bahasha ya kaki. Hata kabla hajakaa akaniambia kesho nimsindikize hospitali ya Kolandoto. Amepewa rufaa.

Huku kwetu mtu akisema ana rufaa, unajua ugonjwa umewashinda wa kituo cha afya, sasa anapelekwa hospitali kubwa. Nikamtazama kuanzia kilemba mpaka kandambili. Alikuwa amenenepa.

"Unaumwa nini?"

"Ndicho ninachoshangaa na mimi, dada. Siumwi kitu. Ila yule karani wa baraza la ardhi, siku aliponipa karatasi, aliniambia, mama, kama hujaridhika una rufaa, usichelewe. Nikasema labda ameona kitu machoni mwangu."

"Na wewe ukakaa nayo."

"Si nilikuwa naamia ndege shambani, dada. Mpunga ungeliwa wote."

Nieleze kidogo habari ya hilo baraza. Mume wa Paskalia, marehemu Januari, alimwachia shamba la mpunga kule Masumbwe, majaruba saba. Amelilima peke yake miaka kumi na tisa. Shemeji yake Wilbard hakuwahi kulikanyaga hata kuja kuazima jembe. Kisha wachimbaji wakaokota dhahabu kwenye shamba la jirani, wakafungua maduara mawili, yale mashimo yao ya kuchimbia, na wiki hiyohiyo Wilbard akakumbuka kwamba lile shamba ni lake, marehemu alikabidhiwa alitunze tu. Wakaenda baraza la ardhi. Wilbard alikwenda na wakili na mashahidi wawili. Paskalia alikwenda na rozari. Tarehe nne Machi hukumu ikasomwa, akashindwa.

Basi Ijumaa tukaenda Kolandoto. Tulipofika dirishani, muuguzi wa mapokezi, binti mwenye sauti ya upole, akatuamkia, tukaitikia.

"Nani amewapa rufaa, mama zangu?"

"Baraza," Paskalia akasema.

Yule binti akafungua bahasha. Akasoma, akarudia kusoma. Hakutucheka, Mungu ambariki.

"Mama, hii rufaa si ya kwetu. Hii ni ya mahakama. Mtu akishindwa kesi, anaipeleka mahakama ya juu yake. Neno ni hilohilo, ila nyumba zake ni mbili."

"Hicho ni kitendawili kizima," nikasema.

"Ndiyo, bibi. Na ninyi mmepiga hodi nyumba isiyo yenyewe."

Kwa kuwa tulikuwa tumeshafika, akampima Paskalia presha. Ikakutwa nzuri kuliko yangu.

Nyumbani tulimsubiri mjukuu wangu Aneth, ninayeishi naye. Aneth ni msaidizi wa kisheria. Kutwa yuko na wajane na watu wa mirathi. Alipoingia, Paskalia akampa bahasha kabla hajavua mkoba. Aneth akasoma amesimama, kisha akakaa polepole.

"Bibi mdogo, hii imesomwa lini?"

"Si imeandikwa hapo? Machi."

"Rufaa ina siku arobaini na tano." Akaenda kwenye kalenda ya parokia ukutani, akahesabu kwa kidole. "Leo ni siku ya sitini na sita."

Paskalia hakulia. Alikunja kanga yake magotini, akauliza kitu kimoja tu.

"Mpunga umeshainamisha vichwa. Nitavuna mimi, au na wenyewe ni wa Wilbard?"

Aneth akairudisha karatasi kwenye bahasha. Jumamosi ile yote tuliongea habari za chumvi na mkaa tu.

Jumapili, tulipotoka misa, Aneth alikuwa na kazi yake nyingine. Ana blogu, ukurasa wake wa mtandaoni anapoandika mambo ya sheria kwa lugha ya watu. Wapo kumi na wawili wenye kurasa kama hizo, mawakili na wasaidizi wa kisheria, mmoja Lindi, mwingine Bukoba, mwingine Mbeya, wengi wao hawajawahi kuonana. Kila Jumatatu mmoja anasoma yote yaliyoandikwa na wenzake wiki hiyo, anachagua yaliyo mazuri, anayapanga mahali pamoja na maneno mawili matatu ya kumvuta msomaji. Ukibonyeza unafika kwa mwandishi mwenyewe. Wiki inayofuata zamu inahamia kwa mwingine, kama sisi wa jumuiya tunavyosali leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mkusanyo huo wanauita Kapu. Na kila mwenye zamu analipamba Kapu anavyotaka. Yule wa Lindi aliwapanga waandishi kama timu ya mpira, na kipa wake. Dada wa Bukoba aliwapanga kama mapishi ya ndizi. Safari hii zamu ilikuwa ya Aneth.

"Bibi, nisaidie," akasema. "Makala ziko tisa. Kila moja nataka niitangulize na kitendawili chako."

"Nitatega. Ila unisomee makala yenyewe kwanza, yote, mpaka mwisho."

"Yote?"

"Mtegaji lazima ajue jibu, mjukuu wangu. La sivyo anatega watu na yeye mwenyewe ananaswa."

Tukaanza. Mimi nilikuwa namenya karanga, Paskalia anapepeta. Ya kwanza ilikuwa ya dhamana. Aneth alipomaliza kusoma nikafikiri kidogo.

"Kitendawili."

"Tega!" wakasema wote wawili.

"Nimetoka lakini sijatoka."

"Kuku anayeatamia," Paskalia akasema.

"Kuku anaingiaje mahakamani, bibi mdogo? Ni mtu wa dhamana!"

Ya pili ilikuwa ya wosia. Nikatega: nimenyamaza moja kwa moja, na bado wanangu wananisikiliza. Paskalia alikipata upesi, halafu ungo ukatulia mikononi mwake.

"Januari angeandika wosia," akasema, "leo ningekuwa shambani kwangu."

Nikaona nimemgusa kidonda. Nikaharakisha ya mikataba. "Bubu amelala mezani. Nimempa jina langu, ameamka ananiamrisha."

"Wilbard!" Paskalia akadakia.

Tulicheka mpaka Aneth akaweka simu chini. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu Ijumaa.

Tukaenda hivyo mpaka ya nane. Aneth akajinyoosha.

"Ya tisa nitaiwekea mstari mmoja tu. Ni ya wakili mmoja wa Geita, Telesphori. Mtu mwema lakini anaandika kama anajaza fomu. Vifungu vitupu. Hakuna atakayeisoma."

"Inaitwaje?"

"'Ukomo wa muda na nakala ya hukumu.' Unaona mwenyewe."

"Isome."

"Bibi, chai inapoa."

"Chai tutapasha. Isome."

Akaisoma kwa mbio, kama katekista anayesoma majina ya nia za misa mvua ikianza. Nusu ya kwanza sikuelewa, nisidanganye. Nilikuwa naokota neno moja hapa, jingine pale. Halafu likapita jambo nikahisi limenigusa bega.

"Rudia hapo."

"Wapi?"

"Hapo pa kusubiri."

Akarudia, sasa kwa utaratibu. "Siku ambazo aliyeshindwa alikuwa akisubiri kupewa nakala ya hukumu hazihesabiwi katika muda wa kukata rufaa, ilimradi awe aliiomba, na awe na uthibitisho wa..."

Alinitazama, nami nikamgeukia Paskalia.

"Wewe, ile karatasi ulipewa siku ileile waliyosoma?"

"Nipewe wapi! Walinizungusha karibu mwezi. Kwanza waliniambia niombe kwa barua. Mwalimu wa pale jirani akaniandikia, nikaipeleka baada ya siku mbili, wakagonga muhuri, nakala moja wakanirudishia. Kila nikienda, inachapwa. Kila nikienda, inachapwa. Nimekuja kuipata siku ya wajinga, tarehe moja Aprili. Nikasema hawa nao wananitania."

Aneth alikuwa ameshafika kwenye kalenda. Safari hii hakuhesabu kwa kidole, alichukua kalamu. Akazikata siku zote kuanzia barua ilipopokelewa mpaka karatasi ilipotoka. Zile mbili za kabla ya barua akaziacha, kwa kuwa Telesphori aliandika kwamba hizo zinahesabiwa. Akajumlisha, akajumlisha tena.

"Arobaini na mbili," akasema. "Bibi mdogo, zimebaki siku tatu. Lakini lazima tuwe na ile barua yenye muhuri. Bila hiyo ni maneno matupu. Iko wapi?"

Paskalia akaziba mdomo kwa mkono.

"Paskalia, barua iko wapi?"

"Nimefungia mbegu za kunde."

Jamani! Nilitaka kumpiga na ungo. Tukampigia binti yake, Jenifa, yuko Masumbwe.

"Jenifa, kile kifurushi cha kunde juu ya kabati, kipo?"

"Hapana, mama. Asubuhi nimempa mama Boaz. Alikuja kuomba mbegu."

"Pamoja na karatasi?"

"Sasa ningempa kunde mkononi?"

"Kimbia!" Paskalia alipiga kelele, jirani akachungulia juu ya ukuta. "Kimbia kwa mama Boaz, mwambie kunde abaki nazo, anipe karatasi!"

Tulikaa kama watu wanaosubiri daktari atoke. Karanga nilikuwa namenya na kuchanganya na maganda yake. Paskalia midomo ilikuwa inasali. Kisha simu ya Aneth ikalia mlio wa picha. Karatasi ilikuwa imekunjikakunjika, ina waa la vumbi la kunde pembeni, lakini muhuri ulionekana wazi, umepokelewa tarehe sita Machi.

"Wabeja, asante, Mungu wangu," Paskalia akasema, na hapo ndipo alipolia.

Aneth akapiga namba iliyoandikwa chini ya makala. Aliweka sauti kubwa tukasikia wote. Akajitambulisha, akaeleza mambo yote. Yule wakili akauliza jambo moja kwanza.

"Ile makala umeisoma?"

"Ndiyo, kaka Telesphori."

"Yote?"

"Bibi yangu alinilazimisha."

Alicheka sana huyo kijana. Halafu akawa mtu wa kazi. "Siku tatu tusizichezee. Barua yenyewe ipande basi la kesho alfajiri ije Geita, na bibi mdogo naye aje atie dole gumba. Rufaa tutaisajili kwa njia ya msaada wa kisheria, bila malipo."

Jumatatu Paskalia aliondoka, na siku hiyo Kapu la Aneth likatoka. Ile makala ya tisa aliiweka ya kwanza. Kitendawili chake nilikitega bila kufikiri sana: siku zinapita mlangoni kwangu, mwenye kuhesabu amefumba macho. Jumanne jioni Telesphori akatupigia kwamba rufaa imesajiliwa, ina namba, na ameomba pia zuio ili mtu yeyote asiguse shamba. Zuio likatoka. Mpunga ule Paskalia aliuvuna mwenyewe.

Agosti tulipanda basi kwenda Geita kusikiliza kesi. Wakili wa Wilbard alisimama kwanza, suti nzuri, akasema rufaa hii imekuja nje ya muda, itupwe. Jaji, mama mmoja wa makamo, akaomba aione barua. Akaigeuza, akaisogeza karibu na miwani.

"Hili waa ni la nini, wakili?"

"Kunde, mheshimiwa," Telesphori akasema.

Watu walicheka, na jaji mwenyewe akainamisha kichwa kidogo. Kisha akahesabu siku, kama Aneth alivyohesabu pale ukutani kwangu, akasema rufaa iko ndani ya muda, pingamizi limetupwa. Novemba akasoma hukumu. Alisema mtu aliyekaa kimya miaka kumi na tisa huku mwenzake analima, akaja kusema shamba ni lake baada ya dhahabu kuonekana kwa jirani, anatakiwa kuwa na ushahidi mzito, na mashahidi wa Wilbard hata mipaka hawakuijua. Shamba ni la Paskalia.

Nje ya mahakama nilimshika Telesphori mkono. Nilimwuliza, kwa nini unaandika mambo magumu vile wakati watu hawasomi?

"Bibi Klara, nikwambie ukweli," akasema. "Wiki ile nilikuwa nataka kuacha. Makala ile ilikuwa imefunguliwa na watu wanne. Mmoja mke wangu, mmoja mimi mwenyewe, nilirudi kurekebisha herufi. Kilichonibakiza ni ile zamu. Unajua kila Jumatatu kuna mwenzako mahali fulani lazima akupitie, hata kama amechoka. Unaona aibu kumwachia ukurasa mtupu."

Nimekuwa nikiwashukuru wale kumi na wawili kwa majina kila ninaposali, ingawa wengine siwajui sura. Namshukuru wa Lindi kwa timu yake ya mpira na dada wa Bukoba kwa ndizi zake, maana wasingeshika zamu zao, zamu isingefika Ngokolo. Namshukuru yule binti wa Kolandoto. Mama Boaz pia, ambaye alikunjua karatasi akamwagia kunde kwenye ungo, hakuuliza kwa nini.

Juzi Paskalia amenipigia. Nilisikia maji yakicheza miguuni mwake.

"Shikamoo dada. Napandikiza. Jaruba la nne sasa."

"Marahaba. Na Wilbard?"

"Amepita hapa asubuhi. Akasimama kule tutani, nikafikiri analeta maneno. Akasema, shemeji, huo mche umebaki? Eti wake umeoza wote."

"Ukamwambiaje?"

"Nimempa, dada. Mafungu matatu. Sasa ngoja nikate, mikono ina tope, simu itazama."