Sanduku la Gracien

Jumatatu asubuhi, kama ilivyokuwa desturi yake, Gracien aliingia ofisi ya uhasibu ghorofa ya pili, akatundika koti nyuma ya mlango, akafuta meza kwa kiganja na kuketi. Alikuwa amezikwa Jumamosi. Wenzake wakamwamkia, naye akaitikia. Mkewe Albertine, aliyepiga taipu katika chumba hichohicho, alimkagua tangu kola hadi viatu, akaona udongo mwekundu gotini. Alimwambia ajipanguse, naye akajipangusa.

Hakuna aliyeuliza kwa nini amerudi. Katika kampuni ile ya shaba, mfanyakazi akifa alipewa sanduku la mbao nzuri lenye mishikio ya shaba, na lori lililofungwa matawi mbele, na wenzake wakipanda nyuma kuimba kutoka kiwandani Shituru mpaka makaburini. Mshahara uliweza kuchelewa na posho ya unga kupungua, lakini sanduku lilikuwa sanduku. Watu walikataa kazi nzuri kwingineko kwa ajili yake. Mwaka ule mbao ziliisha, na Gracien akazikwa katikati ya milango miwili ya kabati iliyogongomelewa pamoja, akisukumwa kwa mkokoteni. Alikuwa mtu mtaratibu. Hakufanya fujo, hakumtokea mtu ndotoni. Alirudi tu kungojea haki yake mahali ambapo angeonekana.

Jengo lenyewe lilijengwa zama ambazo shaba ilikuwa shaba. Madirisha yake yalikuwa vioo vikubwa visivyofunguka, maana aliyelichora aliamini klimatizeri, zile mashine za kupoza hewa, zitanguruma milele. Kisha likaja agizo la kubana umeme: kiwanda kwanza, na klimatizeri zote zizimwe, isipokuwa ya mkurugenzi, Bwana Stanislas, ghorofa ya tatu, kwa sababu yeye ndiye aliyehitaji kufikiri. Mwezi wa kumi, kabla ya mvua, vioo vile viliwachemsha wafanyakazi kama maharage. Wanaume walivua tai, kisha viatu. Georges, aliyeandaa mishahara isiyolipwa, alizimia mara mbili juu ya mashine yake ya kuhesabu, na hesabu haikuharibika kwa kuwa hapakuwa na cha kuhesabu.

Sasa Gracien alitoa baridi. Ilimtoka mgongoni na mabegani, baridi tulivu kama ya mtungi uliowekwa kivulini, na kufikia saa nne ilikuwa imejaa chumba kizima. Siku ya pili watu walisogeza meza zao karibu naye. Siku ya tatu watu wa ghorofa ya chini walianza kupanda na karatasi ambazo hazikuhitaji saini ya mtu yeyote. Kazi ikaenda vizuri kuliko miaka mingi iliyopita. Meza za wenzao waliofukuzwa na kupanda treni kurudi kwao Kasai zilikuwa bado tupu, na wengine wakazihamia, ilimradi wakae upande wenye ubaridi.

Albertine peke yake hakufurahi. Jioni Gracien alivaa koti na kushika njia ya makaburini, si ya nyumbani, na asubuhi alirudi amechoka zaidi ya jana yake. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyesimama kituoni akingoja treni isiyokuja. Kabla ya kufa, alipolazwa hospitali, alimshika Albertine mkono na kumwomba jambo moja tu, kwamba azikwe vizuri apumzike. Albertine aliitikia. Na mama mkwe, aliyekuja kutoka Mulungwishi kwa ajili ya msiba, hakuacha kumkumbusha kwamba hakuna mjane anayevua nguo za matanga huku mumewe yuko kazini.

Albertine alijitolea kuuza kitanda anunue mbao mwenyewe. Gracien alikataa bila kuinua kichwa.

"Sanduku ya kampuni," alisema. "Ni ile nilitumikia."

Ilikuwa kawaida kwamba mtu mwenye shida haendi kwa mkurugenzi peke yake. Ofisi nzima hupanda pamoja na kusimama kimya, mpaka mkubwa aone aibu. Ndivyo walivyompatia Georges dawa za mkewe mwaka uliopita. Basi Albertine akawaomba wapande naye. Ghafla kila mtu alikuwa na kazi nyingi. Mmoja alitafuta kalamu aliyokuwa ameishika. Georges ndiye aliyekuwa na uungwana wa kusema ukweli, ingawa aliusema akitazama sakafu.

"Mama Albertine, ngoja kwanza mvua inyeshe. Ikinyesha, tutapanda na weye."

Iliuma. Watu hawa walikuwa wamekula nyumbani kwake. Albertine akapanda ngazi peke yake.

Bwana Stanislas alimpokea kwa adabu, akamkaribisha kiti, akampa pole upya. Alieleza kwamba mbao hazipo, kwamba nchi ina matatizo, kwamba yeye mwenyewe analala vibaya. Kisha akasema kile alichokuwa amekifikiria kuhusu kazi na umeme.

"Angalia, mama. Bantu wanatumika muzuri, na courant tunaéconomiser. Nikimuzika bwana yako leo, kesho watakufa na joto. Unataka nifanye namna gani?"

Albertine alisema anataka sanduku. Bwana Stanislas akaandika neno lile kwenye karatasi, akalipigia mstari chini, akamsindikiza mpaka mlangoni.

Wiki ile klimatizeri ya mkurugenzi ilikata roho, na vipuri havikuwako. Siku chache baadaye lori la mbao likaingia uani, mbao nyekundu zinazonukia, na Barnabé, seremala wa kampuni, akaja ofisi ya uhasibu na kamba yake ya kupimia. Alimpima Gracien upana wa mabega, kisha urefu, kisha nafasi aliyohitaji kunyoosha miguu. Alitaka kujua pia baridi yake inafika umbali gani. Albertine aliona hilo ni jambo la kiseremala, hakuliuliza. Alikimbia mtaani kwao Kikula kuwaambia ndugu. Mikeka ikatandikwa uani kwake, wanawake wakaloweka mihogo, na mama mkwe akaanza kulia kwa sauti ya chini ili asichoke kabla ya wakati. Albertine alilala usingizi mzito kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Asubuhi meza ya Gracien haikuwapo. Chumba kilikuwa kimeanza kuchemka. Georges alikuwa amevua shati, akamwonyesha Albertine dari kwa kidole, akasema wamemhamisha juu, kwa cheo. Wenzake wakampongeza, wengine kwa machozi, na ni vigumu kusema walimlilia nani.

Albertine alipanda. Ubavuni mwa ofisi ya mkurugenzi Barnabé alikuwa amejenga kijichumba cha mbao, chembamba, kilichozibwa vizuri pembe zote, na mlango mdogo wenye vishikio viwili vya shaba. Ukuta uliokuwa upande wa mkurugenzi aliuachia matundu. Gracien alikuwa ameketi ndani na kazi yake mapajani. Alikuwa akipapasa ukuta polepole, na alipomwona mkewe aliuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kusumbua.

"Hii mbao, ni ya miye?"

Albertine akazitazama mbao. Zilikuwa nzuri kweli, zimepigwa randa mpaka zikang'aa. Angeweza kusema mengi.

"Eyo," aliitikia. "Ni ya weye."

Gracien akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alinyoosha miguu, akaegemeza kisogo ukutani, akafumba macho. Ndani ya ofisi Bwana Stanislas aliinua uso kutoka kwenye mafaili, akiwa amevaa koti na tai.

"Mama, funga mulango," alisema. "Baridi inatoka."

Albertine akaufunga, akashuka ngazi kurudi kwenye joto.