Ngozi Tano za Darini

Mwaka wa mahindi ya manjano ya msaada, Karimi wa Kiritiri alikuwa akichagua mawe kwenye ndengu alipomwona buibui mkubwa mwenye manyoya akitoka chini ya gunia. Mumewe, Gichovi, alirusha kiatu. Kiatu kilimkata buibui mguu mmoja, kikampata Karimi kidoleni, na kidole kikapinda. Karimi alimtia buibui kwenye beseni lenye mchanga, akafunika kwa wavu wa dirisha, akawa anamlisha panzi.

"Wenzako wanafuga kuku," Gichovi alisema. "Wewe unafuga hilo."

Baada ya miezi mitatu buibui alikataa chakula, akalala chali. Gichovi alitaka kumtupa. Mama yake, Ciakuthii, aliyekuwa na jiko lake ng'ambo ya ua, alimzuia.

"Hajafa. Anavua ngozi. Mtoeni huyo panzi humo ndani. Akimaliza atakuwa laini kama uji, na chakula chake kitamla yeye."

Ikawa hivyo. Buibui aliacha ngozi yenye miguu saba, akatoka na minane, wa nane mwembamba kidogo.

Wakati wa kuvuna mtama, Karimi naye aliacha kula. Mwili ulimpauka. Jumatano asubuhi alilala chali mkekani, na kabla ya saa sita alikuwa amevua. Ngozi ilitoka nzima, toka kichwani hadi visiginoni. Mwenyewe alibaki mwororo, na kidole chake kimenyooka.

Ciakuthii alimfunika kwa leso, akamnywesha uji, akipuliza kila kijiko kwanza. Kisha akaianika ile ngozi kuukuu kwenye kamba, kati ya shuka na shati la Gichovi, isije ikaoza.

Jirani yao Peninah alileta maziwa, akasimama akaitazama ngozi. Alama ya mkanda mgongoni. Sufuria ya moto begani. Meno mkononi. Kidole. Aliigeuza tu, mgongo ukaelekea ukutani, watoto wanaotoka shule wasiuone.

Ciakuthii alimwita mzee Njue, msemaji wa ukoo.

"Naomba Karimi alale kwangu siku saba, mpaka akomae," alimwambia. "Kwa sasa hana kinachomkinga. Kofi moja tu litafika moyoni."

Mzee Njue alivaa miwani, akaipapasa ngozi kwenye kamba. Akachungulia ndani, akamtazama Karimi.

"Huyu hana hata mkwaruzo. Aliyepigwa ni yule wa kwenye kamba. Sasa mama, nitasikizaje kesi ya mtu ambaye hayuko?"

Alipewa uji, akashukuru sana, akasema mke hulala kwa mumewe.

Ciakuthii aliikunja ngozi vizuri, akaipandisha kwenye dari ya jiko lake, nyuma ya vibuyu, juu ya zile nne zake mwenyewe za wakati wa baba yake Gichovi. Kisha akabeba kiti, akaketi mlangoni pa Karimi.

Siku ya kwanza Gichovi alilala ghalani. Siku ya pili pia. Siku ya tatu alirudi mchana akitafuna majani ya muguka, mkanda ameuzungusha kiganjani.

"Mama, jua litakuumiza hapo."

"Zimebaki siku nne, mwanangu. Bado ni laini."

"Nimesikia, Mama."

Alimwinua pamoja na kiti chake, polepole, asimtikise, akamweka kivulini. Akamletea maji kwenye kikombe, akangoja mpaka akayamaliza. Akampangusa kidevu kwa kiganja. Kisha akaingia nyumbani, komeo likalia.

Ciakuthii alikaa kidogo na kikombe mkononi. Halafu akainuka, akaingia jikoni, akasogeza vibuyu pale darini, akatengeneza nafasi.