Mtaro wa Syokau

Boaz alibonyeza ukuta wa nyuma kwa kidole, na kidole kikazama hadi fundo la kwanza. Akakichomoa, akakitazama, akajipangusa kwenye suruali.

"Ikinyesha hivi wiki moja zaidi, hii ukuta inalala," alisema. "Wacha tuhamie kwa Naftaly."

Naftaly ni shemeji yangu, ndugu yake Boaz. Alikuwa akikaa Kawangware 46, chumba kimoja na mke na watoto wanne, na najua angetupokea bila kununa. Lakini tungehama hapa Kianda, masomo yangu yangekuwa yamekwisha. Kila jioni nilikuwa nikienda ngumbaru, shule ya watu wazima, kule Makina, na nilikuwa nimefika kwenye hesabu za sehemu, mahali ambapo mwalimu alisema wengi hukata tamaa. Imma wangu alikuwa na miezi tisa. Mtu pekee niliyeweza kumwachia kwa saa mbili bila moyo kunipiga alikuwa jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Syokau.

Syokau alitoka Kitui mwaka uliotangulia, baada ya mvua kukosa misimu miwili na ng'ombe wake kuisha mmoja baada ya mwingine. Alikuja na jembe na furushi la kamba za mkonge, akawa anasuka viondo mlangoni kwake. Mimi nilitoka Budalang'i, ambako mto ulikuja usiku mmoja ukachukua madaftari yangu ya darasa la tano pamoja na jiko la mama. Yeye alifukuzwa na jua, mimi nikafukuzwa na maji, tukakutana kwenye mabati ya ploti moja. Halafu mwaka huo wa tisini na saba ikaja hii mvua ambayo redio ilikuwa ikiiita Elnino, na mji mzima ukawa unaongea juu yake kama mgeni mwenye jina.

Nilimwambia Syokau habari ya kidole. Alimweka Imma begani, akazunguka nyuma ya nyumba, akatazama mteremko unaoshuka kutoka barabara ya juu hadi kwenye ukuta wetu.

"Hii ni kazi ndogo, Mama Imma," alisema. "Kwetu maji ya mlimani tunayakatia mtaro juu ya shamba. Mchanga unatupa upande wa juu. Tunaita fanya juu. Hakuna hata tone linafika chini."

Niliposikia hakuna tone linafika chini, nikatosheka. Sikuuliza maji yanaenda wapi.

Tulichimba asubuhi mbili, mimi na yeye. Alichimba vizuri mpaka raha kumtazama: mtaro umenyooka, sakafu yake tambarare kama meza, ncha zote mbili zimefungwa, udongo umepangwa juu kama mkeka uliokunjwa. Sifuna, msimamizi wa ploti, alipita na mwavuli wake akasimama.

"Akina mama, mnazika nani?"

"Tunakuzika wewe ukiendelea kuuliza," Syokau akamjibu bila kuinua kichwa.

Jumamosi baada ya chakula cha mchana mvua ikaanguka. Tulisimama chini ya mabati tukitazama. Maji yalishuka kwa kasi kutoka barabarani, yakaingia kwenye mtaro, yakanyamaza humo. Halikupita hata tone. Mtaro ukajaa taratibu, robo, nusu, hadi mdomoni. Niligeuka kumtazama Syokau nikaona uso wake unang'aa. Kule kwao, mtaro uliojaa hivyo ni mahindi mwezi wa pili. Ni ng'ombe wanaoishi. Alikuwa anatabasamu kama mtu aliyeona barua kutoka nyumbani.

Kisha nikasikia ukuta wangu ukifanya *pwa*. Kipande cha udongo ukubwa wa sinia kilidondoka ndani, kando kabisa ya kitanda cha Imma, na fito zikabaki zinachungulia.

Tulikuwa tumejenga bwawa hatua tatu kutoka kwa nyumba, na bwawa lilikuwa linanywewa na ukuta.

Nilimpa Boaz mtoto, nikachukua jembe, nikakata ncha moja ya mtaro. Maji yakatoka yakinguruma, yakapita uwanjani, yakaingia moja kwa moja kwa Sifuna. Alitoka na kiatu kimoja mkononi.

"Mama Imma, mbona hukuleta na samaki?" alisema, na watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. "Mkiharibu ploti ya wenyewe mtatoka. Wewe na huyo Mkamba wako."

Syokau aliingia kwake akafunga mlango. Jioni hiyo sikwenda shule, na Boaz alianza kufunga vyombo kwenye gunia. Alfajiri nikabisha kwa Syokau, kimya. Jembe lake halikuwa mahali pake. Nikajua ameenda, aibu imemwondoa. Nilikaa kitandani na Imma nikitazama zile fito, na ukweli ni kwamba nilimlilia yeye kabla ya kuililia nyumba.

Saa tatu asubuhi nikasikia wimbo. Haukuwa wimbo wa kanisa, ingawa ilikuwa Jumapili. Ulikuwa wimbo wa mtu mmoja kuita na wengi kuitikia, na kwenye kila kiitikio kulikuwa na mshindo wa miguu. Walitokea upande wa Olympic wamepangana mmoja nyuma ya mwingine, wanawake kumi na mmoja, majembe mabegani, makarai kichwani, magunia matupu yamefungwa viunoni. Mbele yao Syokau, matope hadi magotini.

"Hawa ni mwethya wetu wa Kawangware, kikundi cha kusaidiana kazi," alisema. "Kwetu mtu hachimbi peke yake, na hilo ndilo kosa nilifanya. Nilitaka kukuonyesha najua." Akanishika mkono. "Sasa wewe wa maji mengi, niambie. Haya maji yanataka nini?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nilifikiria Budalang'i, mama akisimama uani wakati mto unapanda.

"Yanataka kwenda," nikasema. "Kwetu hatuyashiki. Tunayaonyesha njia."

Nikajaza jagi, nikamwaga polepole mwanzo wa mtaro, nikatembea nyuma ya maji na kijiti nikichora mahali yanapopita. Yakisimama, naita, "Hapa chini kidogo," na majembe mawili yanashuka. Jagi baada ya jagi, tukapita nyuma ya nyumba zote, tukazunguka choo, tukafika mlangoni kwa Sifuna.

"Mtaro haupiti hapa," Sifuna alisema, mikono kiunoni.

Mama mmoja mnene aliyeitwa Syombua, kiongozi wa wimbo, akamtazama kutoka juu hadi chini. "Baba, maji yalipita jana bila kubisha. Sisi tunabisha. Unachagua nani?"

Boaz akaenda akaleta mbao za kazini kwake, akapima mlango wa Sifuna kwa macho. "Nitakuwekea daraja," alisema. "La kwanza kabla ya mtu yeyote." Sifuna alifikiri kidogo, akavua viatu, akasema basi apewe karai.

Kufikia saa tisa mtaro ulikuwa umefika kwenye mto ulio chini bondeni, magunia ya udongo yamesimama kwenye kila kona. Nilikuwa nimepika ugali na mboga za kunde kwa sufuria ya kuazima. Wale wanawake walikula wakisema ugali wangu ni mgumu, unaweza kujengea ukuta, na Syombua akaomba kipande azibie lile tundu langu. Nikataka kuwashukuru kwa hotuba. Syombua akanizuia.

"Mwethya haushukuriwi kwa mdomo. Jumamosi tuko Kawangware, nyuma ya nyumba yangu. Uje na hilo jagi."

Nilikwenda, Imma mgongoni. Boaz pia alikwenda, na Naftaly akatoka kwake na jembe akishangaa kutuona tumekuja kuchimba, si kuhamia.

Mvua haikupungua. Iliendelea hadi baada ya Krismasi, na nyuma ya nyumba yetu maji yalikuwa yakipita yakiongea peke yao kuelekea mtoni. Lakini Syokau hakuweza kuyaacha yote yaende. Alitafuta pipa kuukuu, akaliweka chini ya mabati, akalifunika kwa gunia. "Haya machache nayashika," alisema. "Jua litarudi, hamlijui nyinyi."

Jumatatu moja kabla ya kwenda shule nilibonyeza ukuta mahali tulipokandika upya. Kidole kiliacha alama ya ukucha tu. Nikamkabidhi Syokau mtoto, nikachukua daftari langu la hesabu.

"Nenda," Syokau alisema. "Ukuta nitauchunga mimi."

"Uchunge tu," nikamwambia. "Usichimbe."