Kura ya Alf Pascoe

Jumamosi ya uchaguzi, tangu saa mbili asubuhi, Glenys Pascoe alikuwa kwenye lango la shule ya msingi ya Warrabeen akiwagawia wapiga kura, kama desturi ya huko inavyoruhusu, karatasi za chama kilichoapa kwamba mtambo wa nyuklia hautajengwa bondeni. Hatua tatu pembeni yake alisimama Dougal Rennick, fundi mstaafu, akigawa karatasi za chama kilichotaka ujengwe palepale, kituo cha umeme wa makaa ya mawe kitakapofungwa. Kituo hicho ndicho kilichowalea wote wawili: Glenys alipika kantini miaka ishirini na sita, na Dougal alikuwa zamu moja na Alf, mume wa Glenys. Lakini tangu mkutano wa Machi, Glenys alipomwambia mbele ya watu kwamba anawauzia wajukuu wake mwenyewe sumu, walisemezana kwa vijembe tu.

"Shemeji, kwa uso huo utafukuza hata wapiga kura wako," Dougal alisema.

"Afadhali uso kuliko taka za kulindwa miaka elfu."

"Wajukuu wangu wanataka kazi."

"Mpaka mtambo wenu uishe kujengwa, watakuwa wamestaafu kama wewe."

Dougal alichekea puani. "Na petroli je? Sisi tutapunguza ushuru. Wewe ndiye unayekwenda hospitali mara tatu kwa wiki."

Glenys alimpa mpiga kura mmoja karatasi. Neno hilo lilimgusa. Figo za Alf zilikuwa zimekufa, na mashine ya kumsafishia damu ilikuwa kilomita sitini kutoka kwao. Juzi bei ya petroli ilikuwa imepanda, akaamua kuvuta siku bila kuongeza mafuta hadi Jumatatu, kwa kuwa Jumatatu huwa inashuka.

Saa nane mchana akaenda kumchukua Alf aje kupiga kura. Gari likakohoa mara mbili, likazimika. Alirudi langoni akitembea polepole, na Dougal akamwona.

"Limekauka?"

"Limekauka."

"Alf hajapiga kura?"

"Kura ya kutuma kwa posta aliikataa. Anataka kuitumbukiza kwa mkono wake mwenyewe."

Dougal alimwekea karatasi zake mikononi. "Nishikie. Watu wa mpira watatoka uwanjani sasa hivi waje kupiga kura, na mimi sina mwenzangu hapa."

"Dougal, unajua atampigia nani."

"Namjua Alf miaka arobaini. Nipe ufunguo wa nyumba, nimlete kwa gari langu."

Ikawa Glenys anagawa kwa mikono miwili, kushoto za Dougal, kulia zake. Mama mmoja, mwenye mtoto kwenye kigari, akauliza hiyo nyuklia ina faida gani hasa. Glenys alikuwa amezisikia hoja za Dougal kwenye mikutano minne. Akazitoa zote, kazi za mafundi, umeme usiotegemea jua wala upepo, nyaya ambazo tayari zipo, bila kupunguza hata moja.

"Kumbe unaiunga mkono?"

"Hata kidogo. Ila mwenyewe hayupo, na hivyo ndivyo angekujibu."

Dougal alirudi akimsukuma Alf kwenye kiti cha magurudumu. Alf alikuwa amevaa shati lililopigwa pasi. Watu wa foleni wakampisha. Alf alipotoka ndani, Dougal alikuwa amenunua kwenye kibanda cha shule soseji tatu ndani ya mkate, na vitunguu vya kukaanga juu.

"Umenileta mwenyewe nije nikuangushe," Alf alisema.

"Kula, kabla sijajuta."

Chama cha Dougal kilishindwa, bondeni na nchi nzima. Jumapili asubuhi Glenys alikwenda kwa miguu hadi nyumbani kwake, akamkuta anang'oa mabango uani.

"Sikuja kujigamba," alisema. "Nimekuja kushukuru. Na lile neno la Machi, la wajukuu, halikuwa neno la kukwambia wewe. Nisamehe."

Dougal aliendelea kuvuta msumari mpaka ukatoka. "Ushuru wa petroli ndiyo basi tena, haupungui," alisema. "Kwa hiyo Jumatatu naendesha mimi kwenda hospitali. Ijumaa pia. Jumatano nakuachia."

Glenys alitaka kukataa kwa adabu, akashindwa. Aliitikia kwa kichwa, machozi yakamtoka, naye Dougal akajishughulisha na bango jingine.

Jumatatu wale wanaume wawili walibishana kuhusu nyuklia kilomita zote sitini. Glenys alikaa nyuma, mikono mapajani. Kwa mwaka mzima alikuwa ameiona barabara ile akiwa nyuma ya usukani tu. Sasa alitazama ng'ombe, mabwawa na moshi mweupe wa kituo ukipita dirishani, na moyo wake ulikuwa umejaa shukrani.