Bango la Msusi

Bango lilipobandikwa kwenye ukuta wa ngazi za soko kuu, msusi wa vikapu aliuona uso wake, mkubwa kama mlango: "Utalii unaojali. Nunua kwa wenyeji." Akacheka mpaka machozi. Miaka ishirini alikuwa akisukia na kuuzia hapohapo, chini ya ukuta huo.

"Shangazi, kusanya vikapu," alisema mpwa wake, afisa utalii wa jiji, aliyempiga ile picha. "Unaziba bango."

"Mwanangu, bango si ndiyo mimi?"

"Ndiyo. Ila lenyewe halinuki jasho, wala halibishani bei na wageni."

Askari wa jiji wakavizoa vikapu vyote. Kimoja mpwa alikibakiza, akakiweka chini ya bango, wageni watupie taka.